Nikolai Trubetzkoy na Dhana ya Fonimu

Nikolai Sergeyevich Trubetzkoy alizaliwa Moscow mwaka 1890 katika ukoo maarufu wa kikabaila. Baba yake, Sergei, alikuwa mwanafalsafa aliyechaguliwa kuongoza Chuo Kikuu cha Moscow mwaka 1905. Mapinduzi ya 1917 yalimfanya Trubetzkoy kuwa mkimbizi. Baada ya kufundisha Sofia, mwaka 1922 alipewa uprofesa wa lugha za Kislavoni katika Chuo Kikuu cha Vienna. Akiwa huko alishirikiana kwa karibu na Roman Jakobson na wanaisimu wengine wa Duru ya Prague, iliyoanzishwa mwaka 1926.

Suala lililomshughulisha ni hili: kipashio cha msingi cha sauti za lugha kitambuliwe kwa kigezo gani? Kabla yake, Baudouin de Courtenay alikuwa ameichukulia fonimu kuwa taswira ya sauti iliyomo akilini mwa msemaji. Hapo mwanzo Trubetzkoy naye aliifafanua kwa mkabala huo wa kisaikolojia, lakini baadaye aliuacha. Alihitimisha kwamba fonimu, ikiwa ni dhana ya kiisimu, haina budi kufafanuliwa kwa kazi yake, yaani kutofautisha maana za maneno.

Kwa msingi huo, sifa moja ya kifonetiki huweza kuwa na hadhi tofauti katika lugha mbalimbali. Katika Kiingereza, mpumuo wa [p] haubadilishi maana ya neno. Katika Kimvita, kwa upande mwingine, mpumuo ndio unaotofautisha paa, mnyama wa porini, na paa la nyumba.

Mwezi Machi 1938 Ujerumani ya Nazi iliitwaa Austria. Trubetzkoy, aliyekuwa ameandika kupinga nadharia za ubaguzi wa rangi, alipekuliwa na Gestapo na hati zake zikachukuliwa. Akiwa tayari mgonjwa wa moyo, alifariki mwezi Juni mwaka huohuo. Kitabu chake, Grundzüge der Phonologie, ambacho alikuwa amekaribia kukikamilisha, kilichapishwa Prague mwaka 1939.

Funzo lake lingali na uzito kwa watafiti wa Kiswahili. Othografia sanifu haionyeshi mpumuo. Hivyo, anayehesabu fonimu za lahaja kwa kutegemea tahajia peke yake huweza kupoteza tofauti ambazo wasemaji wenyewe huzitegemea ili waelewane.