Lwanda Magere: shujaa wa Kano aliyeuliwa kivulini

Sisi watu wa Pwani tukitajiwa shujaa ambaye chuma hakimuingii, jina la kwanza mdomoni ni Fumo Liyongo. Kuanzia Lamu na Pate hadi Ozi na Kipini, kila mtu ana habari zake: nguvu zake, upinde wake, na sindano ya shaba iliyomtoa roho kitovuni. Wachache kati yetu wanajua kwamba kule bara, kando ya Ziwa Viktoria, ndugu zetu Wajaluo nao wana wa kwao. Anaitwa Lwanda Magere. Kwa Kijaluo, lwanda ni jiwe, mwamba.

Nimeona nimsimulie leo kwa sababu mitaa yetu imejaa jimu. Kuanzia Mombasa mpaka Kisumu vijana wananyanyua vyuma, wanapiga magunia, wanajifunza ngumi, mateke na mieleka, na wengine wanaota kupigana katika yale mapigano ya mchanganyiko yanayoonyeshwa kwenye simu. Ni jambo la heri kijana kuushughulisha mwili wake kuliko kukaa maskani na kuharibika. Lakini kila mmoja wao anataka kuwa jiwe. Basi na tumtazame aliyekuwa jiwe kweli, tuone yalimfika yapi.

Ukitoka mjini Kisumu ukafuata barabara ya kuelekea Ahero na Awasi, unaingia katika uwanda wa Kano. Ni nchi tambarare, yenye udongo mweusi unaonasa miguu wakati wa mvua, na mto Nyando huipitia na kuifurika mara kwa mara. Siku hizi Ahero inajulikana kwa mashamba ya mpunga. Lakini inua macho kidogo, utaona ukuta wa milima ya Nandi umesimama juu ya uwanda huo kama boma. Juu waliishi Wanandi, ambao Wajaluo waliwaita Lang'o. Chini waliishi Wajaluo wa Kano. Wote walikuwa wafugaji, wote walipenda ng'ombe, na kwa miaka mingi wakanyang'anyana mifugo hiyo kwa mikuki. Hayo yote yalikuwa kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901.

Katika uwanda huo, katika ukoo wa Sidho, ndiko alikozaliwa Lwanda Magere. Hakuna aliyeiandika tarehe yake. Maisha yake yamehifadhiwa vinywani mwa wazee, na yakapokezwa watoto usiku katika siwindhe, nyumba ya bibi ambamo watoto wa Kijaluo walikusanyika kusikiliza ngano. Baadaye waandishi nao wakamchukua. Okoiti Omtatah, huyu tunayemjua leo kwa kesi za katiba na siasa, alimtungia tamthilia iliyochapishwa mwaka 1991. Masimulizi hutofautiana hapa na pale, lakini uti wa mgongo wa kisa ni mmoja.

Alikua kama wavulana wengine wa zama zake. Mvulana wa Kijaluo alichunga ng'ombe, na kuchunga hakukuwa kukaa chini ya mti. Alitembea tangu alfajiri hadi magharibi chini ya jua kali, akikimbiza fahali aliyetoroka, akivuka mito. Wachungaji wakikutana walishindana mieleka, mchezo wanaouita olengo. Walirusha rungu na mikuki ya miti kulenga shabaha. Akifika umri wa vita, kijana alibeba ngao ya ngozi ya nyati, na mwenye kuishika ngao ile kutwa nzima bega lake halihitaji kengele za chuma.

Ukimwambia kocha wa leo habari hiyo atatikisa kichwa kwa kukubali. Kutembea na kukimbia hujenga pumzi. Mieleka hujenga kiuno, shingo na mshiko wa mkono. Ngao hujenga bega, na kurusha mkuki hufundisha mwili wote kutoa nguvu kwa mara moja. Ndivyo wanavyozoezwa wapiganaji hata sasa, ila majina yamebadilika na ada ya mwezi imeongezeka.

Lakini Lwanda alikuwa na ziada. Alipoingia vitani, ikadhihirika kwamba silaha haimdhuru. Mkuki ukimpiga kifuani unateleza na kuanguka, na mshale unavunjika ncha. Wanandi, watu mashujaa waliozoea kushuka usiku na kurudi na mifugo, wakaanza kurudi mikono mitupu na wachache kuliko walivyotoka. Yeye mtu mmoja alikuwa jeshi. Kano ikalala usingizi.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, kosa la kwanza lilipofanyika, na halikuwa lake. Watu wakishapata jiwe la kujikingia huacha kuuliza kama jiwe nalo huchoka. Kila vita wakamtanguliza mbele. Katika masimulizi yote niliyoyasikia, sijasikia mahali ambapo wenzake walimtaka apumzike.

Wanandi walipoona mkuki haufai, wakatumia akili. Walileta ujumbe wa suluhu, na kama ilivyokuwa desturi ya mataifa yaliyotaka kupatana, wakamtolea Lwanda binti yao mzuri awe mkewe. Wazee wa Kijaluo waliingiwa na shaka na kumuonya asimpokee mwanamke kutoka kwa adui. Hakuwasikiliza. Alimuoa, akamuweka nyumbani pamoja na mke aliyemtangulia, na siku zikapita kwa amani. Binti alikuwa na kazi aliyotumwa na watu wake: ajue siri ya mwili ule.

Kisha Lwanda akaugua. Nakusihi msomaji usiipite sehemu hii haraka, maana watu wengi huikimbilia vita ya mwisho na kuacha kiini cha kisa. Mtu ambaye mkuki haumuingii aliumwa kama wewe na mimi. Siku hiyo mke mkubwa, aliyezoea kumtibu na aliyeijua siri, hakuwapo. Homa ilizidi, na hapakuwa na mwingine wa kumsaidia ila yule bibi wa Kinandi. Akamwambia achukue kisu na dawa, achanje, lakini asichanje ngozi yake, kwani kisu hakingepita. Achanje kivuli chake.

Mwanamke alistaajabu, akafanya alivyoambiwa. Kivuli kikatoka damu. Akapaka dawa, na mgonjwa akapata nafuu. Usiku mumewe alipolala, binti akatoka, akavuka uwanda, akapanda mlima hadi kwao na kuwaeleza alichokiona.

Suluhu ikavunjika. Wanandi wakashuka tena na vita vikapiganwa. Lwanda alipigana kama kawaida yake, na Wanandi wakaanza kurudi nyuma. Ndipo mmoja wao akakumbuka habari ya binti, akageuka, na badala ya kulenga kifua akalenga chini na kukichoma kivuli. Jitu lile likaanguka, likafa, na palepale mwili ukageuka jiwe. Wenyeji wa Kano wanalionyesha jiwe hilo mpaka leo katika nchi ya Sidho, na inasimuliwa kwamba wawindaji walikuwa wakinoa mikuki juu yake wakitarajia bahati.

Watu wengi wakimaliza kisa hiki humlaumu mwanamke. Hata vibarazani kwetu ukikisimulia utasikia wazee wakikohoa na kusema ndiyo hivyo, siri usimpe mke. Mimi siafiki. Yule binti aliwafanyia watu wake kazi ambayo mwanamume yeyote angeifanya angeitwa shujaa. Wala sioni sababu ya kuwatazama Wanandi wa leo kwa jicho la kisa cha zamani. Mpaka ule kati ya mlima na uwanda umeona damu ya kutosha hata baada ya uhuru, na hadithi isifanywe kuni.

Kilichomponza Lwanda ni kuwa mgonjwa katika nyumba ambayo ni mtu mmoja tu aliyejua namna ya kumtibu. Ukoo mzima ulijua jinsi ya kumtumia, lakini kumuuguza alijua mke mmoja. Huyo alipotoka, shujaa akalazimika kumpa siri yake yeyote aliyekuwa karibu. Mlinganishe na Liyongo wetu. Liyongo siri ilimtoka kwa mapenzi ya mwana, kijana aliyetumwa na maadui na kuahidiwa makubwa. Lwanda ilimtoka kwa homa. Wote wawili hawakushindwa uwanjani. Walishindwa nyumbani, mahali ambapo hakuna ngao.

Sasa turudi kwa vijana wetu. Mazoezi yana uwezo mkubwa. Msuli unaotwishwa mzigo kidogo kidogo hunenepa. Mfupa nao, ukizoezwa kubeba uzito kwa utaratibu, huwa mgumu zaidi. Ngozi ya kiganja huota sugu. Hapo kijana kweli anakaribia kuwa jiwe. Lakini kiko kiungo kisichoota sugu, nacho ni ubongo. Ngumi ya kumi haimkuti na ubongo mgumu kuliko ngumi ya kwanza, humkuta na ubongo uliochoka zaidi. Shingo yenye nguvu husaidia kupunguza mtikisiko, hilo makocha wanalijua, lakini haiufuti. Hapo ndipo penye kivuli cha mpiganaji.

Kenya tuna ushahidi wetu. Robert Wangila, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1967, alikwenda Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 akamwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali na kuchukua dhahabu. Mpaka leo ndiye Mkenya pekee aliyepata dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha. Akaenda Marekani kupigania pesa. Mwezi Julai 1994, mjini Las Vegas, refa alilisimamisha pambano lake na David Gonzales katika raundi ya 9. Wangila akalalamika, akiona bado anaweza kuendelea. Alipofika chumba cha kubadilishia nguo akapoteza fahamu, na hakuamka tena. Alikuwa na umri wa miaka 26. Mwili ulikuwa bado unataka kupigana wakati kivuli kimeshachomwa.

Kuna na hatari nyingine inayopendwa sana na wapiganaji wa mchanganyiko, ya kujikausha maji ili kufikia uzito unaotakiwa. Mtu huvaa nguo nzito, hukaa kwenye joto, hukataa hata kumeza mate, apungue kilo kadhaa kwa siku mbili. Desemba 2015, kijana wa Kichina Yang Jian Bing, mwenye miaka 21, alifariki Manila kwa sababu hiyo kabla hata ya kupanda ulingoni. Waandalizi wa mashindano yale, ONE Championship, wakapiga marufuku kupunguza uzito kwa kukausha maji na kuanza kuwapima wapiganaji kama wana maji ya kutosha mwilini. Ilibidi mtu afe kwanza.

Dini yetu imetufunza kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe. Una haki ya kulala, ya kunywa, ya kutibiwa, na kuupumzisha si uvivu. Kocha anayemcheka kijana aliyesema kichwa kinamuuma amemnyima mwili ule haki yake, hata kama amemfundisha mapigo 100. Na ukumbi unaoandaa mapigano bila daktari pembeni na bila gari la wagonjwa mlangoni unafanya yale yale waliyoyafanya watu wa Kano: kumtanguliza shujaa mbele bila kupanga nani atamuuguza.

Sisemi vijana waache. Nasema wanaowazunguka wawajue. Kocha aandike siku aliyopigwa kichwani kila mwanafunzi wake, na asimrudishe kwenye kupigana mpaka daktari aseme yuko sawa. Mwenzake wa mazoezi akimuona anatapika, anasahau mambo, anakasirika ovyo au hataki mwanga, asimfichie. Na wewe mama au baba, mwanao akirudi jioni kutoka jimu, usiishie kumsifu kifua. Muulize amekunywa maji kiasi gani, amepigwa wapi, na usiku uliopita alilala saa ngapi. Akikujibu kwa mkato, muulize tena kesho.

Lwanda Magere alikuwa na mtu mmoja tu wa kumuuliza maswali hayo, na siku yalipohitajika mtu huyo hakuwapo. Wana wetu wasikae kwa kumtegemea mmoja. Wawe na wengi wanaokijua kivuli chao na kukichunga, kwa sababu kifua chao hakuna asiyekiona.