Mboya na amana ya wafanyakazi

MTU atokaye mtaa wa Migosi, jijini Kisumu, hana haja ya kusafiri mbali ili kulikuta jina la Tom Mboya. Mtaa wa makazi katika jiji hilo hilo unaitwa kwa jina lake, na vivyo hivyo Chuo cha Leba cha Tom Mboya, taasisi ya Muungano wa Vyama vya Wafanyakazi (COTU).

Hata hivyo, wengi wa kizazi cha leo humjua marehemu kwa mambo mawili tu: ndege zilizowapeleka wanafunzi Marekani, na risasi zilizokatiza maisha yake. Kazi iliyomlea na kumpa sauti, yaani kuwatetea wafanyakazi, haitajwi sana.

Ilhali kazi hiyo ndiyo iliyoacha swali ambalo halijazeeka. Mgomo ukiisha, na mashirika mawili yakiunganishwa kuwa moja, mfanyakazi amwamini nani?

Swali hilo lilizuka upya Machi 6, 2019, wafanyakazi wa ndege na wa viwanja vya ndege walipogoma katika Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Walipinga mpango wa kulikabidhi Shirika la Ndege la Kenya Airways usimamizi wa uwanja huo. Polisi walifyatua vitoa machozi na safari zikakwama. Chanzo cha hofu yao kilikuwa ajira: ni nani angebaki kazini baada ya nyumba mbili kuwa moja?

Miaka mingi kabla ya hapo, Mboya alikuwa amekutana na hofu ya namna hiyo bandarini, viwandani na hatimaye ndani ya serikali.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930, karibu na Kilima Mbogo, Thika, katika shamba la mkonge la mlowezi. Baba yake, Leonardus Ndiege, mwenyeji wa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, alikuwa nyapara wa shamba hilo. Hivyo basi Mboya aliuona uhusiano wa tajiri na kibarua tangu utotoni.

Alisoma katika shule za misheni za Kikatoliki: Kabaa huko Ukambani, Yala katika Nyanza na hatimaye Mang'u. Karo ilipokuwa mzigo kwa familia, aliacha masomo na mwaka wa 1948 akaingia Jeanes School, Kabete, kusomea ukaguzi wa afya. Baadaye Baraza la Jiji la Nairobi likamwajiri.

Huko ndiko alikoonja uchungu wa ubaguzi kazini. Mkaguzi Mwafrika alilipwa kiasi kidogo mno kuliko Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Mboya mwenyewe alisimulia baadaye jinsi mwanamke wa Kizungu alivyoingia ofisini, akamkuta yeye peke yake, na bado akauliza iwapo hapakuwa na mtu.

Badala ya kunung'unika pembeni, alianza kuwaunganisha wenzake. Chama cha watumishi Waafrika wa baraza hilo kikakua na kuwa chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mwaka wa 1953, akiwa kijana wa miaka 23, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini, ambalo baadaye lilijulikana kama Kenya Federation of Labour (KFL).

Wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, na chama cha siasa cha KAU kikapigwa marufuku mwaka uliofuata. Aprili 1954 maelfu ya wakazi wa Nairobi, wakiwemo viongozi wa wafanyakazi, walizolewa katika msako mkubwa na kutiwa vizuizini. Shirikisho la Mboya likabaki karibu sauti pekee halali ya Waafrika kitaifa.

Mtihani mkubwa ulimfika Machi 1955, makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma wakidai mishahara bora. Serikali ya kikoloni ilikuwa na askari tayari, na mgomo ule ungeweza kuishia kwa damu.

Mboya alikwenda Mombasa na kuwaomba makuli jambo zito: warudi kazini kabla ya kupata hata senti, shauri lao lipelekwe mbele ya wasuluhishi. Walikuwa na kila sababu ya kukataa, kwa kuwa kijana yule hakuwa mwenzao wa bandarini na ahadi za wakubwa walizijua. Hata hivyo walirudi. Uamuzi ulipotolewa, mishahara iliongezwa kwa asilimia 33.

Jina la Mboya lilijengeka hapo. Makuli walimwekea amana naye akairudisha ikiwa na faida, tena upesi na kwa hesabu ambayo kila mmoja aliiona katika bahasha ya mshahara.

Baada ya mwaka mmoja wa masomo katika Chuo cha Ruskin, Oxford, alirejea na kuingia siasa. Machi 1957 alimshinda wakili Argwings-Kodhek katika kiti cha Nairobi cha Baraza la Kutunga Sheria. Desemba 1958 aliongoza mkutano wa watu wa Afrika nzima mjini Accra akiwa na miaka 28. Septemba 1959 ndege ya kwanza aliyosaidia kuikodisha ilipeleka wanafunzi 81 Marekani.

Kadiri alivyopanda ndivyo wenzake walivyozidi kumtilia shaka. Fedha za vyama vya wafanyakazi vya Marekani zilisaidia kujenga makao makuu ya shirikisho jijini Nairobi, na wapinzani wakauliza iwapo sauti ya KFL ilikuwa bado ya makuli au ya wafadhili. Baadhi ya wenzake walijitenga na kuanzisha kundi lao.

Mwaka wa 1962 aliteuliwa kuwa Waziri wa Leba. Aliyezoea kuketi upande wa wafanyakazi sasa alikalia kiti cha serikali. Oktoba mwaka huo alisimamia kutiwa saini kwa mkataba kati ya serikali, shirikisho la waajiri na KFL. Waajiri wangevitambua vyama, navyo vyama vingemaliza njia zote za mazungumzo kabla ya kugoma. Mahakama ya Viwanda ilifuata mwaka wa 1964.

Mboya aliamini kwamba taifa changa halingeweza kujengwa kwa migomo isiyokoma, na kwamba wasio na kazi walikuwa wengi kuliko walioajiriwa. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Lakini safari hii aliwaomba wafanyakazi wasubiri matunda ambayo hakuna aliyejua yangeiva lini. Wakati wa mgomo wa Mombasa walisubiri uamuzi wa wasuluhishi. Sasa walitakiwa kusubiri maendeleo ya nchi.

Ufa ulionekana wazi mwaka wa 1965. Dhidi ya KFL kulisimama Kenya African Workers' Congress, iliyoegemea upande wa Makamu wa Rais, Oginga Odinga. Miongoni mwa viongozi wake alikuwa Dennis Akumu, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Nyakach.

Akumu alikuwa kiongozi wa chama cha makuli wa Mombasa. Yaani bandari ile ile iliyompa Mboya imani yake mwaka wa 1955 sasa ilikuwa ngome ya wapinzani wa shirikisho alilolijenga. Mapigano kati ya pande hizo mjini Mombasa yalisababisha vifo.

Serikali iliingilia kati kwa nguvu. Mashirikisho yote mawili yalifutwa na Septemba 1965 COTU ikaundwa. Rais alipewa mamlaka ya kumteua katibu mkuu kutoka miongoni mwa majina matatu, na ada za wanachama zikakatwa moja kwa moja kwenye mishahara. Clement Lubembe wa KFL alikuwa katibu mkuu wa kwanza, na Akumu naibu wake.

Muungano huo ulizima vurugu na umedumu hadi leo, jambo ambalo si haba. Hata hivyo uliamuliwa juu, na mwanachama wa kawaida hakuulizwa. Ada ilipoanza kupitia kwa mwajiri, kiongozi hakuhitaji tena kuzunguka viwandani kuithibitisha imani aliyopewa.

Jumamosi ya Julai 5, 1969, Mboya, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa Nairobi, katika barabara inayoitwa leo Moi Avenue. Hakuwa ametimiza miaka 39. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kifo kwa mauaji hayo, lakini waliomtuma, kama walikuwepo, hawakufikishwa mahakamani. Mwili ulirudishwa Rusinga na kuzikwa Kasawanga, huku Nyanza nzima ikitumbukia katika majonzi na ghadhabu.

Maisha hayo yana funzo kwa mabwana wa mashirika yetu ya leo. Mwaka wa 2019 mpango wa Kenya Airways na uwanja wa ndege ulielezwa kwa hesabu za hasara na faida, na yamkini hesabu hizo zilikuwa sahihi. Mhudumu wa mizigo na fundi wa ndege walitaka kujua kuhusu mkate wao. Julai mwaka huo Bunge lilichukua njia nyingine, ya kulitaifisha shirika hilo, nayo pia haikutekelezwa.

Mboya wa mwaka 1955 angewafaa wakurugenzi kuliko Mboya wa mwaka 1965. Yule wa kwanza alikwenda mwenyewe kwa makuli, akawaomba wajinyime kwa muda, kisha akawaletea jibu wakiwa bado wanamkumbuka uso. Yule wa pili alikuwa na sheria, mahakama na serikali nyuma yake, lakini makuli walikuwa wamekwisha kumfuata mtu mwingine.

Wanafunzi wa chuo cha leba kinachoitwa kwa jina lake wanafundishwa namna ya kujadiliana na mwajiri. Wangefanya vyema kusoma pia namna imani inavyopotea mikononi mwa mtu hodari na mwenye nia njema.