Lord Delamere: Mlowezi aliyezika urithi wake katika ardhi ya Njoro

Hugh Cholmondeley, ambaye Wakenya wengi wanamfahamu kwa jina la Lord Delamere, alizaliwa nchini Uingereza mnamo Aprili 28, 1870. Alipokuwa na umri wa miaka 17 babake alifariki, akamwachia cheo cha ubwanyenye pamoja na mashamba ya ukoo ya Vale Royal katika jimbo la Cheshire. Kodi waliyolipa wapangaji wa mashamba hayo ndiyo iliyokuja kugharamia mengi yaliyotendeka Njoro na Elmenteita miaka mingi baadaye.

Ujana wake haukuwa wa jembe. Alipenda kuwinda, na kuanzia mwaka wa 1891 alikuwa akisafiri hadi Somalia kuwasaka simba. Mnamo 1894 simba mmoja alimrarua mguu, na lau si ujasiri wa Msomali aliyekuwa akimbebea bunduki, habari zake zingeishia hapo. Alichechemea hadi kufa kwake.

Mwishoni mwa 1896 alifunga safari nyingine kutoka Berbera na msafara wa ngamia, akakata jangwa kuelekea kusini, na mwaka uliofuata akatokea katika nyanda za juu za Kenya. Baada ya miezi ya mchanga na kiu, aliona nyasi mbichi, mito na hewa ya baridi. Aliona pia nchi iliyoelekea kuwa haina watu. Ukweli ni kwamba miaka michache tu kabla ya hapo, ugonjwa wa sotoka ulikuwa umeangamiza ng'ombe wa Wamaasai, kisha ndui na njaa vikawaua wafugaji wenyewe. Malisho yalikuwa yamepumzishwa na msiba, bali wenyewe walikuwapo.

Mnamo 1899 Delamere alimwoa Lady Florence Cole, binti wa bwanyenye kutoka Ireland, na kufikia mwaka wa 1903 wawili hao walikuwa wameamua kufanya makao yao huku. Wakati huo reli kutoka Mombasa ilikuwa imekwisha kufika Kisumu na serikali ya kikoloni ilikuwa na deni la kuilipia. Kamishna Charles Eliot aliamini kwamba dawa ya deni hilo ni kuwaleta walowezi wa Kizungu walime mazao ya kusafirishwa kwa reli hiyo. Delamere aliomba ardhi mara mbili akanyimwa. Ombi la tatu lilikubaliwa: ekari 100,000 huko Njoro, kwa mkataba wa miaka 99, kwa kodi ya pauni 200 kwa mwaka. Serikali ilimtaka atumie pauni 5,000 kuliendeleza shamba hilo katika miaka mitano ya kwanza. Aliliita Equator Ranch.

Wanaofundisha uchumi wa kilimo husema kwamba shamba husimama juu ya ardhi, nguvukazi na mtaji, na wengi wao huongeza jambo la nne, yaani usimamizi. Ni nadra kumpata mtu aliyeanza akiwa na mawili ya hayo kwa wingi kama Delamere. Ardhi alipewa kwa bei ya kutupwa. Mtaji alikuwa nao Uingereza. Hata hivyo, katika miaka yake ya kwanza shamba lilimshinda, na sababu haikuwa uvivu. Yeye na mkewe waliishi katika nyumba ya udongo isiyo na sakafu, naye aliamka kabla ya jua kuchomoza kuwasimamia wafanyakazi wake.

Kilichomshinda ni kwamba hakuijua ardhi aliyopewa. Aliagiza kondoo wa merino kutoka New Zealand na madume kutoka Uingereza ili awazalishe pamoja na kondoo wa kienyeji. Nyasi zilikuwa ndefu na za kijani, lakini kondoo walidhoofika na kufa kwa mamia katikati ya malisho. Wamaasai walikuwa wakiyakwepa malisho hayo tangu jadi, na mgeni huyo hakuuliza kwa nini. Baadaye sana wataalamu waligundua kwamba udongo wa sehemu hiyo ya Bonde la Ufa una upungufu wa madini, hasa kobalti, ambayo mnyama hawezi kuishi vyema bila chembechembe zake. Mfugaji asiyejua kusoma alikuwa na elimu ambayo pauni 5,000 hazingeweza kuinunua, na angemwambia bure.

Alipogeukia ng'ombe, aliwaleta wa kizungu na kuwachanganya na wa kienyeji. Hao nao walifyekwa na homa ya mapafu pamoja na magonjwa yaletwayo na kupe. Alipogeukia ngano, aliilima kwa mamia ya ekari, ikastawi, kisha kutu ikaivamia na kuyaharibu mashamba muda mfupi kabla ya mavuno. Alijaribu hata kufuga mbuni ili auze manyoya yao kwa wanamitindo wa Ulaya. Biashara hiyo nayo ilianguka pale mitindo ilipobadilika na magari yakaingia, kwa maana kofia ya manyoya haikai kichwani ndani ya gari lililo wazi.

Kila hasara ililipiwa na Vale Royal. Delamere aliweka mali ya ukoo rehani, akakopa, akakopa tena. Mlowezi wa kawaida angefilisika katika mwaka wa pili na kurudi kwao. Yeye alikuwa na uwezo wa kukosea kwa miaka kumi, na huo ndio uliokuwa mtaji wake hasa. Kwa hili anastahili sifa kwamba hakukosea vivyo hivyo mara mbili. Badala ya kupanda tena mbegu ile ile na kumwomba Mungu, alimwajiri mtaalamu, G. W. Evans, akamjengea maabara Njoro na kumwagiza azalishe ngano inayostahimili kutu. Kazi hiyo ya kuchanganya mbegu ilichukua miaka, na haikumpa faida ya haraka. Mwaka wa 1908 yeye na wenzake walianzisha kampuni ya kusaga ya Unga Limited ili ngano ya walowezi ipate soko nyumbani. Jina la kampuni hiyo lingali kwenye pakiti madukani.

Ufugaji alihamishia Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, alikopata ekari takriban 50,000. Hapo nyasi zilikuwa nzuri kweli, na kwa sababu nzuri: yalikuwa malisho teule ya Wamaasai. Chini ya mkataba wa 1904 serikali ilikuwa imewaondoa katika Bonde la Ufa na kupeleka wengi wao Laikipia, kwa ahadi kwamba hawangesumbuliwa tena. Ahadi hiyo ilidumu miaka saba. Mkataba wa 1911 uliwahamisha kutoka Laikipia hadi kusini, na walipokwenda mahakamani mwaka wa 1913 kesi yao ilitupwa pasipo madai yenyewe kusikizwa, kwa hoja kwamba mikataba hiyo ilikuwa kati ya mataifa mawili na mahakama haikuwa na mamlaka juu yake. Hivyo watu waliokuwa wakitawaliwa kila siku walihesabiwa kuwa wageni siku moja tu, ile ya kudai haki.

Ajabu ni kwamba Delamere mwenyewe aliwapenda Wamaasai. Alijifunza lugha yao, akawaajiri kuchunga mifugo yake, na alistahimili wizi wao wa ng'ombe kuliko alivyostahimili barua za serikali. Mapenzi hayo hayakumfanya aone kasoro katika kulisha ng'ombe wake pale walipokuwa wakilisha wa kwao.

Jambo lililobaki ni nguvukazi, na hapa ndipo sura yake inapokuwa ngumu zaidi. Walowezi walikuwa na ardhi kuliko mikono yao ingeweza kulima. Mwafrika aliyekuwa na shamba lake hakuona sababu ya kuliacha na kumlimia Mzungu kwa ujira mdogo. Kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka wa 1901, iliwasukuma baadhi yao kutafuta pesa, lakini walowezi waliona haitoshi. Mnamo Machi 1908 Delamere aliwaongoza wenzake hadi makao ya Gavana Hayes Sadler jijini Nairobi kudai serikali iwapatie wafanyakazi. Vurugu na maneno makali ya siku hiyo yalimfanya asimamishwe katika Baraza la Kutunga Sheria, alimokuwa ameteuliwa mwaka uliotangulia.

Mbele ya tume ya wafanyakazi ya 1912 na 1913 alieleza msimamo wake bila kuuficha. Alidai kwamba iwapo kila Mwafrika atakuwa na ardhi ya kumtosha, suala la wafanyakazi halitatatuliwa kamwe, na kwa hiyo maeneo yaliyotengewa Waafrika yapunguzwe. Kauli hiyo inastahili kukumbukwa, kwa kuwa inaonyesha jinsi mlowezi alivyozihesabu ardhi na nguvukazi. Kwake vilikuwa kitu kimoja. Kumnyang'anya mtu shamba ilikuwa njia ya kumpata yeye mwenyewe.

Yaliyofuata yalikwenda upande huo huo. Sheria ya 1918 iliwataka maskwota wafanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kuishi na kulima vipande vyao katika mashamba ya walowezi. Kufikia 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyefikia utu uzima alilazimika kubeba kipande kilichoandikwa nani alimwajiri na lini alimwachilia. Familia nyingi za Wakikuyu ziliingia Bonde la Ufa kwa mtindo huo wa uskwota, na watoto wao walikulia katika ardhi waliyoilima lakini isiyokuwa yao. Serikali ya Uingereza ilipotangaza mwaka wa 1923 kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yangetangulizwa nchini Kenya, Delamere alikuwa miongoni mwa wajumbe waliokwenda London kupigania ya walowezi.

Lady Florence alifariki mwaka wa 1914. Delamere alioa tena mwaka wa 1928, na mnamo Novemba 13, 1931 akaaga dunia akiwa na umri wa miaka 61, wakati mdororo wa uchumi duniani ulipokuwa umeangusha bei za mazao. Alizikwa Soysambu. Aliacha madeni ya benki yanayotajwa kufikia pauni 500,000. Kwa hesabu za daftari, mkulima mashuhuri kuliko wote katika koloni hakuwahi kuzirudisha fedha alizomwaga.

Wakoloni walilipa jina lake barabara kuu ya Nairobi na kumsimamishia sanamu. Uhuru ulipokuja, sanamu iliondolewa na barabara ikaitwa Kenyatta Avenue.

Kazi ya ngano haikuondolewa. Serikali ya kikoloni ilianzisha kituo cha kuzalisha mbegu Njoro mwaka wa 1927, na baada ya Uhuru kiliendelea chini ya taasisi ya utafiti wa kilimo ambayo sasa inaitwa KALRO. Aina mpya ya kutu, Ug99, ilipogunduliwa nchini Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990 na kutishia ngano ya dunia nzima, nchi nyingi zilituma mbegu zao zikajaribiwe Njoro. Wataalamu Wakenya wamekuwa wakizipanda kwa maelfu, mistari kwa mistari, kisha wanaiacha kutu iingie ili waone ipi itabaki imesimama.