Maia Carberry: Rubani aliyekufa akimfunza mwenzake

HISTORIA ya marubani wa kike nchini inapotajwa, jina la Beryl Markham ndilo hutangulia. Hata hivyo, kabla yake kulikuwa na Maia Carberry.

Maia, aliyezaliwa katika familia ya Anderson, aliolewa na mlowezi tajiri, John Carberry. Carberry aliingiza nchini ndege aina ya DH.51, ambayo ilikuja kuwa ya kwanza kusajiliwa Kenya. Wakati huo urubani ulikuwa anasa ya Wazungu wachache. Maia alijifunza kurusha ndege, na punde si punde akawa anawafunza wengine.

Mnamo Machi 12, 1928, alipaa kutoka uwanja wa Ngong Road, magharibi mwa Nairobi, akiwa na mwanafunzi wake, Dudley Cowie. Ndege hiyo ilianguka na wote wawili wakaangamia. Maia, ambaye umri wake ulikuwa wa miaka ya ishirini tu, alimwacha bintiye, Juanita, kabla hajatimiza miaka mitatu.

Mkasa huo haukuzima ari ya urubani. Mwaka uliofuata, Florence Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways, ambayo jina lake lingali kwenye uwanja wa Wilson. Naye Beryl, mnamo 1936, alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Canada.

Jina la Maia halikupewa uwanja wowote. Lilipewa hospitali jijini Nairobi, ambayo mumewe aliianzisha kwa kumbukumbu yake.