JAMES JAMERSON: MPIGA BESI ALIYESAHAULIWA JINA

Ukipanda matatu asubuhi kuja shule, kitu cha kwanza kukugonga kifuani si maneno ya wimbo, ni besi. Kiti kinatetemeka, dirisha linatetemeka, na hata mzee asiyependa kelele hujikuta anatikisa mguu. Lakini nikikuuliza ni nani aliyeipiga besi hiyo, utanitazama tu. Jina la mwimbaji unalo, la mpiga besi huna. Hata mimi sikuwa nalo mpaka yaliponifika.

Yalinifika hivi. Kanisani kwetu vijana walianzisha bendi. Mimi nilitaka gitaa la solo, maana mwenye solo ndiye husimama mbele akatazamwa. Siku ya kugawana vyombo nikachelewa, na wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Nilipofika, solo lilikuwa na mwenyewe, rithimu lina mwenyewe, hata dramu zina mwenyewe. Lilibaki gitaa moja refu lenye nyuzi nne, limeegemezwa ukutani kama jembe. Ati hilo ndilo langu! Nilirudi nyumbani nimenuna, nikamwambia mjomba kwamba naacha bendi. Mjomba hakunibembeleza. Alicheka, kisha akaniwekea wimbo wa zamani wa Marekani, akaniamuru nisimsikilize mwimbaji bali kile kilicho chini yake. Halafu akaanza kunisimulia habari za James Jamerson. Mengine nimeyasoma mwenyewe baadaye, nami nakuletea hapa.

James Jamerson alizaliwa tarehe 29 Januari 1936 katika kisiwa cha Edisto, jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Enzi hizo huko kusini ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria, na mtoto mweusi alijua mapema mahali asipotakiwa kukanyaga. Wazazi wake walitengana, na kwa muda akalelewa na nyanya yake aliyejua kupiga piano, pamoja na shangazi aliyeimba kwaya kanisani. Kwa hiyo muziki aliukuta nyumbani. Inasimuliwa kwamba akiwa mdogo alichomeka fimbo ardhini penye sisimizi, akafunga uzi wa mpira juu yake, akawa anaudonoa ili sisimizi wacheze. Kumbe alikuwa ameshaanza kazi yake!

Mwaka 1954 alihamia Detroit, kaskazini, pamoja na mama yake. Detroit ulikuwa mji wa viwanda vya magari, na watu weusi wengi walihamia huko kutafuta kazi na nafuu. James aliingia shule ya upili ya Northwestern. Alikuwa ameshajifunza piano na hata kupuliza tromboni kidogo. Basi siku moja, katika chumba cha muziki cha shule, akaiona besi kubwa ya mbao imelala sakafuni. Ile ni kama fidla iliyomshinda mtu kwa urefu, na mara nyingi hupigwa mtu akiwa amesimama. Akaiinua, akaigusa, na tangu siku hiyo hawakuachana. Tazama basi: mwanafunzi kama mimi na wewe, na chombo kilicholala sakafuni.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu gitaa la besi lenyewe. Zamani sauti nzito katika bendi ilitoka kwenye besi hiyo kubwa ya mbao. Ilikuwa taabu kuibeba, na dramu zikipigwa kwa nguvu haisikiki. Mwaka 1951, huko California, Leo Fender alianza kuuza gitaa la besi la umeme. Lilibebwa begani kama gitaa jingine lolote, nyuzi zake nne zilikuwa zile zile za besi kubwa, na sauti ilitoka kwenye spika. Mpigaji aliweza hata kutembea jukwaani. Wakongwe wengi walilidharau wakaliita la watoto. Jamerson naye alianza kazi na besi ya mbao, akiipiga usiku katika vilabu vya jazi na bluu vya Detroit. Ni mpiga besi mwenzake aliyemshawishi ajaribu la umeme, mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Wakati huo huo Berry Gordy, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa kiwanda cha magari, alikuwa amekopa dola 800 kwa jamaa zake mwaka 1959 na kuanzisha kampuni ya kurekodi muziki, iliyokuja kuitwa Motown. Studio ilikuwa katika nyumba ya kawaida kando ya barabara. Jamerson akaajiriwa humo. Yeye na wenzake waliopiga kinanda, dramu na magitaa walijiita Funk Brothers. Waimbaji walikuja na kuondoka, lakini wapigaji walikuwa wale wale.

Sasa sikiliza ujuzi wake. Kabla yake, mpiga besi wengi walimtaka apige noti moja nzito, du, du, du, kama mtu anayetwanga mahindi. Jamerson hakukubali kutwanga tu. Katikati ya mapigo alichomeka noti nyingine, akapanda, akashuka, akanyamaza mahali ulipomtarajia, kisha akarudi kwa wakati. Besi yake iliimba wimbo wake yenyewe chini ya wimbo, bila kumkanyaga mwimbaji. Na haya yote aliyafanya kwa kidole kimoja tu cha shahada, mazoea aliyotoka nayo kwenye besi ya mbao! Gitaa lake maarufu lilikuwa Fender la mwaka 1962. Nyuzi zake zilikuwa nene, na hakuzibadilisha ila ulipokatika uzi.

Kwa kidole hicho alipiga katika nyimbo zaidi ya 20 zilizofika nambari moja Marekani. Mmoja ni My Girl wa kundi la Temptations, uliofika kileleni mwaka 1965. Wimbo huo unaanza na besi yake peke yake, noti chache tu, na watu huutambua kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Pia alipiga katika What's Going On wa Marvin Gaye, uliotoka mwaka 1971. Inasimuliwa kwamba usiku huo Gaye alikwenda kumtafuta Jamerson katika vilabu, akamkuta amelewa asiweze kukaa vizuri kitini. Basi akalala chali kwenye sakafu ya studio, akapiga sehemu yake yote akiwa amelala. Ukiusikiliza huwezi kuamini.

Lakini sasa nifikie jambo lililoniuma. Kwa miaka yote hiyo, santuri zilipotoka, jina la mwimbaji liliandikwa kwa herufi kubwa, na Jamerson hakuandikwa kokote. Watu duniani walicheza besi yake arusini na mabarazani bila kumjua. Huko Uingereza Paul McCartney wa Beatles, ambaye naye alishika besi mwaka 1961 kwa sababu mwenzao aliyeipiga aliondoka na wengine hawakuitaka, alijifunza mengi kwa kumsikiliza. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1971, santuri kubwa ya Marvin Gaye ilipotoka, ndipo Motown ilipochapisha majina ya wapigaji kwenye jalada. Miaka 12 tangu kampuni ianzishwe!

Mwaka 1972 kampuni ilihamia Los Angeles, na mwaka uliofuata Jamerson akafuata. Haikumwendea vyema. Kazi yake na Motown ilikwisha mwaka huo huo. Alipata kazi kwingine kwa muda, lakini mitindo ilibadilika, na pombe, ambayo alikuwa ameizoea tangu Detroit, ikawa ndiyo bwana na yeye mtumwa. Simu za kumwita studio zikapungua mpaka zikanyamaza.

Mwezi wa Machi 1983 Motown ilifanya sherehe kubwa iliyotangazwa kuwa ya miaka 25, ikarekodiwa kwa televisheni. Waimbaji wakuu walialikwa jukwaani. Jamerson, inasemekana, alijinunulia tikiti akaketi huko juu nyuma, akiwatazama watu wanavyoshangilia nyimbo alizozipiga. Muda mfupi kabla ya kufa kwake lile gitaa lake la 1962 likaibwa. Tarehe 2 Agosti 1983 akafariki, ini limeharibiwa na pombe, moyo na mapafu vimeshindwa. Alikuwa na miaka 47. Alizikwa Detroit.

Heshima ilikuja baadaye, kama kawaida ya dunia. Mwaka 1989 kilitoka kitabu kuhusu maisha na muziki wake, mwaka 2000 akaingizwa katika ukumbi wa heshima wa muziki wa roki nchini Marekani, na mwaka 2002 ikatoka filamu kuhusu Funk Brothers. Yeye hakuona hata moja.

Msomaji, nilipoyamaliza haya nilimuuliza mjomba swali: kama mwisho wa mpiga besi ndio huu, mbona ananitaka nilishike lile gitaa? Hakunijibu. Alizima wimbo, halafu akauanza upya, akapunguza sauti nzito katika redio yake hadi besi ikapotea. Loo! Wimbo ulikuwa kama nyumba iliyoondolewa sakafu. Mwimbaji alikuwa yule yule, na sauti yake nzuri, lakini alikuwa ananing'inia hewani.

Jumapili iliyofuata nilirudi kanisani nikalichukua gitaa langu pale ukutani. Sitasema uongo kwamba siku hizi sitamani solo. Natamani. Lakini nimejua kwamba wengi hawakuichagua besi, ilibaki nao wakabaki nayo. Jaco Pastorius wa Florida alikuwa mpiga dramu akaumia mkono kwenye mpira, akahamia besi, akawa bingwa. Jamerson aliiokota sakafuni. Mimi nilichelewa.

Nimejua pia kwamba pombe haimjali mwenye kipaji, na kwamba mtu anayebeba wenzake anastahili kutajwa jina angali hai. Kwa hiyo sisi bendi yetu tumekubaliana: tukimaliza kupiga, kiongozi huwataja wote, hadi anayebeba nyaya na spika. Nawe kesho ukipanda matatu na besi ikikugonga kifuani, ulizia jina la aliyeipiga.

Hapo naitia nanga. Kwaheri.