Tommy Douglas, pasta aliyepigania lopitali ya watu wote

Leo tunaenda mbali, kule Canada, katika jimbo la Saskatchewan. Ni jimbo la wakulima wa ngano. Linapita Katanga yetu ya zamani kwa ukubwa, lakini miaka ya 1940 watu wake hawakufika hata milioni moja. Mtu wa shamba akigonjwa, munganga alikuwa mbali, theluji imefunga njia, na makuta hakuna.

Thomas Douglas, ambaye wote walimwita Tommy, hakuzaliwa kule. Alizaliwa Falkirk, Scotland, tarehe 20 mwezi wa 10, 1904. Baba yake alikuwa mtu wa fonderi, wa kumimina chuma. Mwaka wa 1910 jamaa ilihamia mji wa Winnipeg, Canada. Mtoto alikuwa na ugonjwa wa mfupa wa mguu, usiopona. Wazazi hawakuwa na uwezo wa kulipa munganga mkubwa, wakaambiwa mguu ukatwe. Kiisha munganga mmoja wa mifupa akamuona pale lopitali, akakubali kumpasua bure, sharti wanafunzi wake watazame ginsi anafanya kazi. Mguu ukapona. Douglas alibaki na ulizo moja maisha yake yote: kama ule munganga hangepita pale? Na watoto ambao hakuna mtu alisimama kwa kitanda chao?

Mwaka wa 1919 aliona kwa macho yake mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa Winnipeg, na polisi wakipiga watu risasi. Alifanya kazi ya kuchapisha magazeti, akapiga boksi mpaka akawa bingwa wa jimbo la Manitoba kwa uzito mwepesi mwaka wa 1922, tena 1923. Ule mguu wa kukatwa njo ulimsimamisha ulingoni!

Mwaka wa 1930 akawa pasta wa Kibatisti ku Weyburn, Saskatchewan. Ilikuwa miaka mibaya. Bei ya ngano ilianguka, mvua ikakatika, upepo ukapeperusha udongo wa mashamba. Alizika watu ambao munganga angewaponyesha kama wangekuwa na feza ya kumuita.

Hapa wasomaji wetu wa mashimo wasikilize vizuri. Karibu na Weyburn kuna Estevan, inchi ya makaa. Mwezi wa 9, 1931, wachimba makaa walisimamisha kazi: mushahara ulikuwa umekatwa, nyumba za kamponi mbovu, na kampuni zilikataa sindika yao. Tarehe 29 waliingia mjini pamoja na bibi na watoto. Polisi wakapiga risasi, watu watatu wakafa. Mmoja wao alipelekwa mpaka lopitali ya Weyburn, akafia kule. Douglas, pasta kijana, alikusanya vyakula akavipeleka kwa jamaa za wachimbaji. Wakubwa hawakupenda, lakini yeye hakurudi nyuma.

Mwaka wa 1935 alichaguliwa mjumbe wa bunge la Ottawa, katika chama cha wakulima na wafanyakazi. Mwaka wa 1944 chama chake kikashinda uchaguzi wa jimbo kwa viti 47, na yeye akawa mkubwa wa serikali, sawa gavana kwetu. Wizara ya afya aliishika mwenyewe.

Tuseme kweli, hakuanza kwa inchi tupu. Toka mwaka wa 1915 wakulima wa Sarnia, ndani ya lile jimbo, walikuwa wanachanga kodi ili kumlipa munganga mushahara asiwakimbie. Vijiji vingine vikafuata. Kazi ya Douglas ilikuwa kukamata ile akili ya wakulima na kuifanya sheria ya wote. Wazee wa pansio na wajane wakapewa kadi ya kujitibisha bure. Mwaka wa 1946 ndege za wagonjwa zikaanza kuruka kwenda mashambani. Toka tarehe 1 mwezi wa 1, 1947, kila mutu alilipa dola 5 kwa mwaka, na jamaa, hata ikiwa na watoto kumi, haikupita dola 30. Kwa hiyo feza lopitali ilikuwa wazi. Sisi tunaojua mama anayezuiliwa lopitali na mtoto wake mchanga juu ya fakitire, tunaelewa uzito wa ile hesabu.

Jambo lingine linatugusa. Mwaka wa 1951, Saskatoon, katika lile jimbo, walianza kutibu kansa kwa mashine ya kobalti, kati ya zile za kwanza duniani. Kobalti, ile ile tunayochimba sisi.

Kulipia na waganga wenyewe ilikuwa vita kali zaidi. Douglas alingoja miaka mingi juu ya feza, akatangaza mpango mwisho wa 1959. Waganga wakachanga makuta kumpinga, lakini uchaguzi wa 1960 akashinda. Alipokwenda kuongoza chama kipya cha inchi nzima mwaka wa 1961, alimwachia kazi Woodrow Lloyd. Sheria ikaanza tarehe 1 mwezi wa 7, 1962, na siku ile ile waganga wengi wakafunga milango. Siku 23! Serikali ikaita waganga kutoka Uingereza. Mwishoni wakapatana: munganga anabaki huru katika kazi yake, ila fakitire inalipwa na mpango wa leta.

Hakuwa malaika. Mwaka wa 1933 aliandika kitabu cha masomo akitaka watu aliowaona na akili pungufu wazuiliwe kuzaa, maneno ya aibu. Alipopata uwezo hakuyatimiza. Shauri la namna ile alilikataa.

Uchaguzi wa Ottawa wa 1962 alishindwa ku Regina, watu wakiwa bado na hasira. Lakini mwaka wa 1966 bunge la Canada lilipitisha sheria sawa ya Saskatchewan, na kufika 1972 majimbo yote yalikuwa ndani. Douglas alikufa Ottawa tarehe 24 mwezi wa 2, 1986. Dawa za kununua ku farmasi na matibabu ya meno, ambazo yeye alitaka zifuate, zilibaki inje ya ile sheria.