Askofu Hannington na Daftari Lake

Naandika nikiwa na swali lililonikera tangu Jumapili ya mavuno kanisani kwetu. Siku hiyo kila mtu alipeleka mbele alichojaliwa: kuku, ndizi, debe la mahindi. Nyanya yangu alipeleka sahani moja tu ya maharagwe, kwani mvua ya mawe ilikuwa imemaliza shamba lake, na bado aliimba kuwashinda wote. Nikajiuliza, huyu anashukuru nini hasa? Ndipo nikaanza kusoma habari za Askofu James Hannington, aliyepita hapa kwetu Mumias mwaka wa 1885.

Hannington alizaliwa Hurstpierpoint, Uingereza, tarehe 3 Septemba 1847. Utotoni alikuwa mtundu ajabu. Siku moja alitengeneza baruti ili alipue kiota cha nyigu, kumbe! ikamwondolea kidole gumba cha mkono wa kushoto. Baadaye alisoma Oxford, akawa kasisi. Mwaka wa 1882 alikuja Afrika, lakini homa na kuhara damu vikamwangusha, akarudi kwao akiwa hoi. Mwingine angesema basi, yatosha. Yeye alirudi tena, safari hii akiwa askofu, cheo alichopewa Juni 1884.

Julai 1885 aliondoka Rabai na wapagazi wapata 200, pamoja na Mchungaji William Jones, Mwafrika aliyekuwa amekombolewa kutoka utumwani. Walikatiza nchi ya Wamasai, wakafika kwa Nabongo Mumia mwezi wa Oktoba. Hapo Hannington akamwacha Jones na kundi kubwa, naye akatangulia na watu 50 kuelekea Uganda. Masikini, hakujua kwamba huko wageni waliotokea mashariki waliogopwa sana, ikiaminika kuwa ndio watakaoinyakua nchi.

Tarehe 21 Oktoba, siku ileile aliyouona mto Nile, watu wa chifu Luba wa Busoga walimkamata, wakamburuta na kumfungia. Kibanda kilijaa panya na wadudu, walinzi walikuwa walevi, na homa ikamrudia. Lakini daftari lake dogo alikuwa nalo, akaandika kila siku. Daftari hilo lilipatikana baadaye, likachapishwa London mwaka wa 1888. Humo anasimulia kwamba walipokuwa wakimburuta aliimba wimbo wa Yesu. Hata hivyo hakuficha kitu, kwani kuna mahali anaungama kuwa amevunjika moyo kabisa. Hapo ndipo nilipompenda. Ningekuta shukrani tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho, kusema kweli nisingemwamini.

Usiku mmoja fisi alilia karibu na kibanda, ni kama alikuwa amenusa mgonjwa. Siku hizohizo za mwisho, zaburi iliyomshika mkono ilikuwa ya 30. Mimi niliifungua nikidhani nitakuta maombolezo. Wapi! Ni zaburi ya shukrani, ya mtu aliyetolewa kaburini. Mbona aishike hiyo, na yeye bado yumo shimoni? Nadhani hakuwa akishukuru kwa sababu ya kile kibanda. Alikuwa akimshukuru aliyekuwa pamoja naye ndani yake.

Tarehe 29 Oktoba 1885, kwa amri ya Kabaka Mwanga, walimtoa nje yeye na wapagazi wake wakawachoma mikuki. Wachache tu waliponea. Hannington alikuwa na umri wa miaka 38.

Jones alingoja Mumias hadi matumaini yakaisha. Februari 1886 aliingia Rabai na waliosalia, wamebeba bendera ya buluu yenye neno Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Mifupa ya askofu ililala hapa Mumias kwa muda, kisha ikapelekwa Namirembe, Kampala, ikazikwa kwa heshima tarehe 31 Desemba 1892.

Nilimsomea nyanya haya yote jioni moja tukiwa jikoni. Alisikiliza kimya mpaka mwisho, halafu akaniuliza mifupa ya wale wapagazi iko wapi. Nikakosa jibu. Wao hawakuwa na daftari, na kama walishukuru au walilia, nani ajuaye? Jumapili iliyofuata, katika sala yake ya shukrani, nilimsikia akiwataja wote kwa pamoja, kwa kuwa majina hatuna.